Fahamu: Wanawake wa Kongo walipata lini haki ya kupiga kura?

Mei 1960, Wakongo walipochagua bunge la kwanza kuelekea uhuru, wapiga kura walikuwa wanaume watupu. Sheria ya wakoloni Wabelgiji iliwatenga wanawake, ingawa huko Ubelgiji wanawake walikuwa na haki hiyo tangu 1948.

Mlango ulifunguka lini?
Oktoba 1966 Sophie Kanza aliteuliwa waziri, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Mwaka 1967 wanawake wakapata haki ya kupiga kura, na 1970 ya kugombea.

Sheria inasemaje leo?
Ibara ya 14 ya Katiba ya 2006 inaitaka serikali ihakikishe usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi. Mwaka 2024 Judith Suminwa akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke.

Na Goma?
Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika katika maeneo jirani ya Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Mama aliyekimbia Rutshuru na kulala chini ya turubai katika kambi ya Kanyaruchinya, nje ya Goma, alikuwa na haki ileile ya 1967, lakini vita vilimnyima kituo cha kuitumia. Haki ya kura inahitaji amani, na amani hiyo tunawadai viongozi wetu.