Ndege wa Njia ya Ganda

Mtu atokaye Malindi kwenda Ganda asubuhi na mapema aghalabu huwa na haraka ya shamba au ya ofisi, wala hainui macho. Lakini wako watu wavukao bahari kutoka Uingereza na Marekani, darubini shingoni, ili waipite njia hiyo hiyo polepole. Watafutacho ni ndege.

Kupita Ganda barabara huelekea Jilore, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi, na hakuna mkubwa kuliko huo wa namna yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Penye mchanga mweupe humea mirihi, miti yenye nafasi katikati. Penye udongo mwekundu vichaka husongamana hata mbwa hupenya kwa taabu. Humo vichakani hukaa bundi mdogo asiyetimia shibiri moja, ambaye wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966. Mbali na hapa ajulikana pia katika vilima vya Usambara, Tanzania. Wazee husema bundi ni mjumbe wa msiba. Huyu, kwa kweli, ni mjumbe wa wageni wenye fedha.

Lakini wa ajabu zaidi ni mnana wa mirihini, mweusi mgongoni na manjano tumboni. Duniani kote hapatikani ila Kilifi. Aliandikwa vitabuni mwaka 1913, na kwa muda wa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua azaliapo. Kumbe ni ng'ambo ya Sabaki! Mwezi wa Machi 2013 viota vyake vilionekana katika msitu wa Dakatcha, ndani ya majani ya kinamasi kijaacho maji wakati wa mvua tu. Kinamasi kikilimwa, mnana hana kwao. Na Dakatcha si msitu wa serikali kama Arabuko-Sokoke. Ni ardhi ya wenyeji, nao huchoma makaa na kulima mananasi wapate karo ya watoto. Nani atawalaumu? Huko Gede, tangu mwaka 1993, wakulima wa mradi wa Kipepeo hufuga viwavi vya msituni, na vikiisha kujifunga huuzwa ng'ambo. Hivyo mti uliosimama huwaletea fedha. Dakatcha yahitaji shughuli ya namna hiyo, na kwa upesi.

Asiyependa vichaka na aende mlango wa Sabaki, ambako ng'ombe hulisha katika nyasi fupi na ndege hukimbia miguuni mwao. Katikati ya mwaka hufika wageni kutoka Madagaska. Kaskazi ikivuma, huko na katika hori ya Mida huonekana ndege weupe wenye migongo myeusi, walao kaa, ambao huzalia katika mashimo ya mchanga pwani za Arabuni. Maji yanapokupwa ndiyo saa ya kuwatazama.