Vijana Wanalia Nini Katika Nyimbo Zao?

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuusikia muziki huu, hata kama hujui jina lake. Umeusikia katika basi siku ya mnada, au katika simu ya kijana wako jioni. Ngoma nzito zapiga kama zatoka chini ya ardhi, na juu yake mtu asema upesi upesi kwa sauti ya uchungu. Pengine umefoka: "Zima makelele hayo!" Basi, kabla ya kufoka tena, sikiliza habari za mahali ulikozaliwa muziki huo.

*Uani mwa maskini, Kingston*

Kisiwa cha Jamaica kilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1962. Lakini tangu miaka ya 1950 maskini wa Kingston, mji mkuu, walikuwa na dansi yao wenyewe. Kumbi za matajiri hawakuweza kuziingia, na gramafoni ilikuwa ghali. Kwa hiyo watu wenye akili ya biashara walipanga masanduku makubwa ya vipaza sauti uani au barabarani, wakapiga santuri, na watu wa mtaa wakacheza. Msemaji wao alizoea kutia maneno juu ya muziki: mara mzaha, mara sifa, mara habari za mtaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 usemi huo ukawa mtindo kamili, ukaitwa dancehall, yaani ukumbi wa dansi.

Siku hizo hazikuwa za raha. Katika mwaka wa uchaguzi, 1980, watu zaidi ya 800 waliuawa kisiwani, na mitaa ya maskini iligawanyika kwa vyama. Vijana walikua wakisikia bunduki usiku na nyimbo mchana.

Nyimbo nyingi za dancehall ni za kujisifu na kucheza, na nyingine zina matusi. Hatukusudii kuzisafisha. Lakini zipo nyingine ambazo mwimbaji huacha majivuno akasema linalomkaa rohoni. Chukua habari za Buju Banton. Alizaliwa Kingston mwaka 1973, mtoto wa mwisho kati ya watoto 15, na mama yake alikuwa mchuuzi. Mwaka 1992 jina lake lilivuma kisiwa kizima. Mwaka uliofuata waimbaji wawili wenzake, Pan Head na Dirtsman, waliuawa kwa risasi. Buju akatoa wimbo wa kumshtaki muuaji mbele ya dhamiri yake. Mwaka 1995 akatoa mwingine, "Untold Stories", yaani visa visivyosimuliwa. Humo hamna ngoma nzito, ila gitaa na sauti ya mtu aliyechoka, akieleza maisha ya maskini. Wala Buju si malaika: baadaye alifungwa Marekani kwa kesi ya dawa za kulevya, akatoka mwaka 2018. Lakini kilio chake kilikuwa cha kweli, na maelfu walikitambua kuwa ni chao.

*Baridi ya London*

Tangu mwaka 1948 watu wa Jamaica na visiwa jirani walihamia Uingereza kwa wingi kutafuta kazi. Walichukua na dansi yao ya vipaza sauti. Wajukuu wao, pamoja na watoto wa wahamiaji kutoka Ghana, Nigeria na kwingineko, walikulia katika majumba marefu ya London mashariki, mtaa wa Bow na jirani zake. Kutoka madirisha yao waliona minara ya mabenki ya Canary Wharf. Utajiri ulikuwa karibu kwa macho, mbali kwa mkono.

Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukazaliwa muziki uitwao grime, neno lenye maana ya uchafu ulioganda. Mapigo yake ni kama 140 kwa dakika, karibu mara mbili ya moyo wa mtu aliyetulia. Ndiyo maana usikiapo wahisi kama mtu anayekimbizwa. Vijana waliutangaza kwa redio zisizo na leseni, mitambo yao ikifichwa juu ya mapaa.

Mmoja wao, Dizzee Rascal, alikuwa yatima wa baba, aliyefukuzwa shule zaidi ya moja. Mwalimu mmoja wa muziki hakumkatia tamaa, akamwacha atumie kompyuta za shule kutunga. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alipata tuzo kubwa ya Mercury. Na wimbo wa kwanza katika santuri yake si wa majigambo. Ni wa kijana aliyeketi peke yake, akitazama mtaa na kuomboleza utoto uliopita upesi.

Wakubwa walifanyaje? Tangu mwaka 2005 polisi wa London walidai waandaaji wa dansi wajaze fomu namba 696 kabla ya onyesho. Wengi walilalamika kwamba iliwaelemea hasa wanamuziki weusi, na mwaka 2017 ikafutwa. Muziki haukufa, kwa maana huzuni haifi kwa kufungiwa mlango.

Mwaka huohuo 2017 Stormzy, kijana aliyelelewa na mama kutoka Ghana, alitoa santuri ya kwanza ya grime kushika nafasi ya kwanza Uingereza. Jina lake lataja ishara za magenge na sala pamoja. Humo amshukuru Mungu kwa neema, na tena aeleza uchungu wa baba asiyekuwapo. Alisema wazi katika televisheni kwamba aliugua sonona. Kijana mwenye umbo kubwa kama lake aliposema hivyo, wengi walipata ujasiri wa kusema nao.

*Nawe, mzazi?*

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana apendaye nyimbo za giza si lazima awe mpotevu. Mara nyingi amepata mtu wa kumsemea neno alilokosa yeye. Kwa hiyo usianze kwa kuzima. Keti naye, mwulize: "Huyu asema nini? Kwa nini wampenda?" Kisha nyamaza, umsikilize. Ukisikia matusi au sifa za kuua, mkanye waziwazi. Ukisikia kilio, usikicheke.

Tena uangalie: akiacha kula, akikosa usingizi, akijitenga na wenzake, au akisema afadhali afe, hilo si jambo la muziki tena. Usimwache peke yake. Mpeleke upesi kwa mganga wa hospitali, na umwite mtu mzima anayemwamini.

Mficha ugonjwa, kilio humfichua. Heri basi kilio hicho ukisikie leo katika wimbo, ukiwa bado na mtoto wa kuongea naye.