Mgeni Naye Apumzike

Soma kwanza: Kutoka 18:1-24, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Marko 6:30-34



Wazee wetu wa Katanga walizipa siku majina kufuatana na kazi. Jumatatu waliiita kazi moja, Jumanne kazi mbili, na kuendelea hivyo mpaka Ijumaa, kazi tano. Jumamosi ilikuwa siku ya posho, siku ya kugawiwa chakula cha kampani. Kisha ikafuata siku ya Mungu. Hata mtu asiyejua kusoma alijua siku ipi ni ya kampani, ipi ni ya chungu cha nyumbani, na ipi ni ya Mungu na watu wake.

Leo hapa Kipushi hesabu hiyo imevurugika. Mgodi wetu uliofunguliwa katika miaka ya 1920 ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Kwa miaka thelathini tuliomba kazi irudi, na sasa tunamshukuru Mungu. Lakini mgodi haujui Jumapili. Hata wakati uliposimama, pompe za kutoa maji chini ya ardhi zilitakiwa kufanya kazi mchana na usiku. Zilipokwama mwaka 2011, maji yalipanda mamia ya mita ndani ya mashimo. Kwa hiyo lazima mtu awe kwenye pompe siku ya Mungu, kama vile lazima mtu awe hospitali, mpakani, kwenye gari la mizigo na mlangoni kwa ulinzi. Hatusemi kwamba ndugu huyo anatenda dhambi. Yesu mwenyewe alimponya mgonjwa siku ya Sabato.

Neno letu leo ni kwa ndugu na dada waliokuja Kipushi kutoka mbali pamoja na bwana au bibi na watoto: wa Kigoma, wa Kitwe, wa Bukavu, wa Mbuji-Mayi. Mji huu ulijengwa na wageni. Union Minière ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kutoka Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kuwatia moyo waje na wake zao na watoto wakae kambini, kwa sababu iliona kwamba mtu mwenye jamaa yake karibu hatoroki kazi. Kampani ilifanya hivyo kwa faida yake. Swali letu ni hili: sisi tulio na jamaa zetu karibu, je, tuko nao kweli?

Baba wa Gershomu

Musa alikuwa mgeni. Alikimbilia Midiani, akaoa huko, akazaa huko. Mtoto wake wa kwanza alimwita Gershomu, jina la kukumbuka kwamba baba alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Kila alipomwita mtoto aje kula, alikumbuka ugeni wake.

Katika Kutoka 18, Yethro mkwewe anakuja jangwani. Hakuja peke yake. Alimletea Musa mke wake Sipora na watoto wote wawili, Gershomu na Eliezeri, kwa maana walikuwa wametengana naye. Tusome polepole hapo. Mstari wa saba unasema jinsi Musa alivyotoka kumlaki mkwewe, akainama, akambusu, wakaulizana habari. Kisha wanaingia hemani na kuzungumza habari za kazi: Misri, Farao, taabu za njiani. Habari za Sipora na watoto hazitajwi tena katika sura hiyo. Hatutaki kuongeza neno ambalo Biblia haikusema. Labda Musa aliwakumbatia na haikuandikwa. Tunachokijua ni kwamba kesho yake aliketi kuamua mashauri ya watu toka asubuhi hata jioni.

Yethro alitazama siku moja tu. Akamwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Hakumwambia aache kazi ya Mungu. Alimwambia agawe kazi. Musa hakukasirika, wala hakusema, "Wewe huelewi kazi yangu." Alimsikiliza, akafanya yote aliyoambiwa.

Kilichotokea nyumbani kwetu

Tunaandika haya kama watu walioanguka katika shimo hilo. Tulipokuwa katika chuo cha Biblia ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, tulikuwa na watoto watatu na hatukuwa na ndugu hata mmoja mjini. Siku za juma tulisoma. Jumamosi mmoja wetu alichomelea milango kwa watu na mwingine aliuza vitenge sokoni. Jumapili tulihudumu makanisa mawili. Usiku kulikuwa na kazi ya ulinzi. Tulijiambia ni kwa muda mfupi, ni kwa ajili ya watoto, na ni kwa ajili ya Bwana. Mambo yote matatu yalikuwa ya kweli.

Siku moja mwalimu aliwauliza watoto wa darasa la kwanza, kila mmoja aseme baba yake anapenda nini. Mmoja alisema mpira, mwingine samaki. Binti yetu alisema, "Baba anapenda kulala." Mwalimu alitusimulia huku akicheka. Sisi hatukucheka. Mtoto hakutukana wala hakudanganya. Kila alipokuwepo nyumbani kwa mwanga wa mchana, aliambiwa neno lile ambalo kila nyumba ya mfanyakazi wa usiku inalijua: "Nyamazeni, baba amelala."

Kwa nini tunafanya kazi siku za pumziko

Mgeni ana sababu ambazo mwenyeji hana, na si vizuri kumhukumu bila kuzisikia.

Ya kwanza ni hofu. Mkataba wake ni mfupi, karatasi zake zina tarehe ya mwisho, na nyumba ni ya kupanga. Akiitwa kazini Jumapili, anaona kwamba akikataa mara moja hataitwa tena.

Ya pili ni simu. Kule alikotoka wanajua kwamba yuko kwenye madini. Huyu anaomba feza ya masomo, yule ya dawa, mwingine ya matanga. Posho yake inagawanywa kabla haijafika mkononi.

Ya tatu ni upweke. Kwao, nkambo na shangazi wangewachukua watoto siku nzima, na wazazi wangeketi kidogo. Hapa hakuna nkambo. Siku ya pumziko inageuka kuwa siku ya kufua, kupika, kuamua ugomvi wa watoto na kuulizana feza imekwenda wapi. Wengine wanakimbilia kazini kwa sababu kazini kuna utulivu kuliko nyumbani. Tuseme kweli mbele za Mungu: hiyo nayo ni sababu.

Tufanye hesabu. Juma lina saa 168. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 inaweka mpaka wa saa 45 kwa juma. Zinazozidi ni saa za ziada na zina malipo yake. Tukiondoa 45, na usingizi wa saa 8 kila usiku, ambao ni saa 56, zinabaki 67. Lakini mtu anayefanya saa 12 kwa siku sita amefikisha 72. Kwake zinabaki 40, na humo lazima atoe njia ya kwenda na kurudi, soko, ibada na wagonjwa. Na mama anayeuza sokoni kisha akarudi kupika bukari, saa zake hakuna anayezihesabu. Tusishangae basi kwamba watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja mwezi mzima bila kuzungumza kwa kweli.

Mungu alimtaja mgeni

Amri ya pumziko haikusahau mtu. Inamtaja mtoto wa kiume na wa kike, mtumishi, hata punda na ng'ombe, na inamtaja mgeni anayekaa katika mji wako. Katika Kumbukumbu 5 Mungu anatoa sababu: Israeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Kwa hiyo pumziko ni alama kwamba mtu ana Mwokozi, na kwamba Farao si bwana wake tena. Anayekataa kupumzika hata anapoweza, anarudi Misri kwa miguu yake mwenyewe.

Hata serikali za dunia zilikuja kuliona jambo hili. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano kwamba mfanyakazi wa kiwandani na mgodini apate angalau saa 24 mfululizo za pumziko katika kila siku saba.

Na pumziko si usingizi tu. Katika Marko 6 mitume walirudi wamechoka, na watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu aliwachukua kwa mashua waende mahali pa faragha, wakiwa pamoja. Kweli, watu walitangulia kufika, na Yesu aliwahurumia akawafundisha. Pumziko linaweza kukatizwa. Lakini linaloweza kukatizwa ni lile lililokwisha kupangwa.

Tufanye nini

Kwanza, chagueni siku yenu. Kama zamu imechukua Jumapili, bwana na bibi wakae na ratiba ya kazi, wachague siku nyingine au nusu siku, na kuiandika kwenye kalenda ukutani ambapo watoto wanaiona. Mtoto anaweza kungoja Alhamisi. Hawezi kungoja "siku moja."

Pili, mtoke usiku mkiwa na saa ya kuamka. Baba au mama aliyefanya kazi usiku alale, na watoto wanyamaze. Lakini watoto waambiwe pia: "Saa nane ataamka, na hapo ni zamu yenu."

Tatu, saa za ziada ziwe na kusudi na mwisho. Kaeni wawili mseme: Jumamosi hizi nne ni za feza ya masomo, kisha tunaacha. Kazi ya ziada isiyo na mwisho si ya ziada tena.

Nne, msitafute starehe ya gharama. Kula bukari sahani moja, kutembea jioni, kupiga mpira uani, kuwasimulia watoto habari za kijiji ambacho hawajakiona: hiyo ni furaha, tena inawapa watoto wa ugenini mizizi. Mkipata nauli, Lubumbashi ni kilomita kama 30, na bustani ya wanyama iko pale. Chupa za bia si pumziko. Zinakula feza na siku inayofuata pia.

Tano, jamaa mbili za kanisa zibadilishane watoto. Jumamosi hii kwa akina mama fulani, ijayo kwenu. Hivyo bwana na bibi wapate saa mbili za kuzungumza bila kuitwa. Kanisa liwe nkambo wa mtoto ambaye nkambo wake yuko mbali.

Neno kwa sisi wachungaji

Ijumaa tunaita mkesha. Jumamosi tunaita mazoezi ya kwaya. Jumapili ibada inafika saa nane, kisha tunasema, "Viongozi wabaki kidogo." Ndugu ambaye kampani imemwachia Jumapili moja kwa mwezi, sisi tunaichukua yote, na jioni tunamfundisha habari za ndoa. Tumemfanyia alichofanyiwa Musa, bila Yethro.

Kwa hiyo katika kusanyiko letu tumekubaliana: Jumamosi ya mwisho ya mwezi hakuna mkutano wala mazoezi. Na wale wa zamu ya Jumapili wanashiriki Meza ya Bwana Jumatano jioni, bila mtu kuwaita walegevu. Hatuwapi watu ruhusa ya kuacha kukusanyika. Waebrania 10:25 iko pale pale. Tunakataa tu kuwa Farao mwingine.

Binti yetu sasa anasoma Lubumbashi. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi huja nyumbani, na tunampikia samaki wa Kasenga. Mwezi uliopita tulimuuliza kama anakumbuka lile neno alilomwambia mwalimu. Alisema hakumbuki. Tulimshukuru Mungu, lakini sisi tunalikumbuka.

Ya kuzungumza nyumbani juma hili

1. Kila mtoto aulizwe: baba anapenda nini? Mama anapenda nini? Sikilizeni bila kukasirika.
2. Bwana na bibi: siku yetu ni ipi, na nani anaitwaa mara nyingi?
3. Ni jamaa gani ya ugenini kanisani ambayo tunaweza kuwachukulia watoto Jumamosi moja?

Tuombe. Bwana, wewe ulimtaja mgeni katika pumziko lako. Wakumbuke walio kwenye pompe usiku huu, na wanaowangoja nyumbani. Tupe chakula cha kila siku, na utupe nafasi ya kukila pamoja. Kwa jina la Yesu. Amina.