Kufundisha Kuzaliwa kwa Nyota: Funzo Kutokana na Wingu Jeusi la Buruji ya Ng'ombe

1. Chanzo cha makala haya

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukufunzi niliwaambia wanachuo kwamba yale mabaka meusi yaonekanayo ndani ya Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru hafifu unaokata mbingu usiku usio na mbalamwezi, ni mahali pasipo na kitu. Mwanachuo mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, tunajuaje kwamba pale hapana kitu?" Nilimjibu kwa haraka kwamba tunajua kwa sababu hatuoni kitu, kisha nikaendelea na somo. Miezi michache baadaye, wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la shule ya msingi nikamsikia mwanachuo yule yule akiulizwa swali lile lile na mtoto, naye akalijibu kwa maneno yangu, neno kwa neno. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mkufunzi akikosea hakosei peke yake.

Jibu langu lilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la elimu: mabaka yale si utupu, bali ni mawingu ya gesi na vumbi, na ndani ya baadhi yake nyota huzaliwa. La pili ni la ufundishaji, nalo ni zito zaidi: nilimfunza mwalimu mtarajiwa kwamba kisichoonekana hakipo. Makala haya yanaeleza namna ya kuyasahihisha makosa hayo kwa kuwapitisha wanafunzi katika hatua walizozipitia wataalamu wenyewe.

2. Tundu au wingu?

Mwalimu aanze na kinachoonekana. Jioni za Mei na Juni, kando ya ile Msalaba wa Kusini, huonekana baka kubwa jeusi liitwalo Gunia la Makaa. Wanafunzi walitazame, kisha waulizwe: je, hili ni tundu au ni kitu kilichosimama mbele ya nyota?

Wengi watasema ni tundu, na wasichekwe. William Herschel, mwanafalaki mashuhuri wa karne ya 18 aliyefanya kazi zake Uingereza, naye alidhani hivyo. Edward Emerson Barnard wa Marekani, aliyepiga picha nyingi za mabaka haya na kuchapisha orodha ya 182 kati yake mwaka 1919, alichukua miaka mingi kabla ya kukubali kwamba ni mawingu.

Hoja yenyewe darasa laweza kuijenga. Kama mabaka yangekuwa matundu, kila moja lingelazimika kuwa handaki refu lililonyooka kuelekea duniani kwetu, kwani handaki lililopinda lisingetuonyesha upande wa pili. Yaaminikaje kwamba mamia ya mahandaki yote yanaelekea kwetu sisi? Ni rahisi zaidi kukubali kwamba kuna vumbi linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma.

Vumbi hilo ni haba mno. Katika kiini cha wingu la namna hii, sentimeta moja ya ujazo huwa na makumi ya maelfu ya molekuli tu, ilhali hewa ya darasani ina kiasi cha milioni milioni milioni 25 katika nafasi hiyo hiyo. Lakini nuru hulazimika kupita ndani ya wingu kwa safari ya mwaka mzima au zaidi, na katika safari ndefu hivyo hata vumbi haba hutosha kuizuia.

3. Kwa nini redio?

Hapa mwalimu atumie jambo ambalo kila mtoto amelishuhudia. Basi likipita barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, dereva wa gari lililo nyuma haoni mbele. Lakini redio iliyomo garini mwake haikatizwi na vumbi hilo. Nuru na mawimbi ya redio ni ndugu wa ukoo mmoja. Tofauti yao ni urefu wa wimbi. Chembe za vumbi la angani kwa kawaida ni ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimeta, nazo huzuia vizuri mawimbi mafupi ya nuru. Wimbi lenye urefu wa milimeta kadhaa hupita kama kwamba chembe hizo hazipo.

Je, ni nani anayetangaza kutoka ndani ya wingu? Sehemu kubwa ya wingu ni haidrojeni, lakini molekuli ya haidrojeni katika baridi ile, nyuzi 263 hivi chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, ni kama bubu. Anayesema kwa niaba yake ni kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya hatari itokayo kwenye jiko la mkaa. Ipo kidogo sana, takriban molekuli moja kwa kila 10,000 za haidrojeni. Ikigongwa na haidrojeni huanza kuzunguka. Na mzunguko huo unapopungua, hutoa wimbi la redio lenye urefu wa milimeta 2.6, yaani mitetemo ya megahezi 115,271. Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliligundua wimbi hilo angani mwaka 1970, kwa antena ya Kitt Peak, Arizona, walipoielekeza kwenye buruji ya Orioni. Tangu hapo mawingu meusi yakawa na njia ya kusomeka.

Tahadhari: mwalimu asiseme kwamba wataalamu "husikia sauti za nyota". Angani humo hamna hewa ya kuchukua sauti hadi kwetu. Kinachopokewa ni wimbi, kinachoandikwa ni vipimo.

4. Wingu moja na watoto wake

Badala ya kutaja mawingu mengi, yafaa kushika moja. Wakulima wetu wanaijua Kilimia, na wahenga walinena kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Jioni za Desemba na Januari, si mbali na Kilimia, hung'aa nyota yenye wekundu iitwayo Aldebaran, katika buruji ya Ng'ombe. Karibu nayo machoni petu, lakini mbali zaidi nyuma yake, kuna wingu jeusi lililopewa namba L1551. Kwa macho matupu halionekani. Nuru na mawimbi yake hutumia takriban miaka 450 kutufikia.

Mwaka 1980 Ronald Snell, Robert Loren na Richard Plambeck walitangaza kwamba kaboni monoksaidi ya wingu hilo inakimbia kwa mikondo miwili, mmoja ukitujia na mwingine ukituacha, na katikati yake imefichika nyota changa. Walijuaje? Wanafunzi wakumbuke honi ya basi: likija mlio huwa mwembamba, likishapita huwa mzito. Mawimbi ya redio nayo hubadilika hivyo. Mkondo ukitujia kwa kilometa 15 kwa sekunde, hesabu ni hii:

115,271 × 15 ÷ 300,000 = megahezi 5.8 hivi.

Basi wimbi litapokewa kwenye megahezi 115,277 badala ya 115,271. Kwa tofauti hiyo ndogo mwendo wa gesi hujulikana, bila mtu yeyote kuuona.

Nyota huanzaje? Gesi baridi haina nguvu ya kutosha kujitanua, hivyo uvutano wake yenyewe huishinda na kuikusanya. Kitu kinachozunguka kikijikusanya huongeza kasi. Jambo hili lionyeshwe darasani: uzi upitishwe ndani ya ganda tupu la kalamu, ncha moja ifungwe kifutio, kizungushwe, kisha uzi uvutwe taratibu kutoka chini. Kifutio kitazidi kwenda mbio. Kwa sababu hiyo gesi yote haiangukii katikati moja kwa moja. Nyingine hutandaa kama sahani kuizunguka nyota changa, na mikondo miwili hurushwa juu na chini ya sahani hiyo.

Sahani kama hiyo ilikuja kupigwa picha katika eneo hilo hilo la L1551, kuizunguka nyota iitwayo HL Tauri. Kazi hiyo ilifanyika mwaka 2014 kwa mtambo wa ALMA huko Chile, wenye antena 66 zilizowekwa kwenye uwanda ulio kiasi cha meta 5,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa mvuke wa maji katika hewa ya chini humeza mawimbi ya milimeta. Antena zilitandazwa hadi kilometa 15, zikafanya kazi kama jicho moja. Safari hii kilichopimwa kilikuwa mawimbi ya vumbi lenyewe, ambalo kwa uvuguvugu wake hutoa mawimbi ya redio. Picha ilionyesha pete angavu zilizotengwa na mianya myeusi. Huenda katika mianya hiyo sayari zinaumbika. Wataalamu wangali wanajadili sababu nyingine, na mwalimu awaambie wanafunzi hivyo hivyo. Inadhaniwa kwamba nyota hiyo haijatimiza miaka milioni moja. Nyota za Kilimia zina umri wa miaka milioni 100 hivi, na Jua letu miaka milioni 4,600. Nazo zilitoka katika mawingu ya namna hiyo.

5. Hitimisho

Somo hili laweza kufundishwa kwa anga la usiku, redio ndogo, uzi na ganda la kalamu. Kipimo cha kufaulu kwake kisiwe kukariri namba ya wingu. Mwanafunzi aulizwe tu: tunajuaje kwamba mle mna gesi? Tunajuaje kwamba inakwenda? Akieleza njia, amelielewa.

Nami, baada ya yale mazoezi ya kufundisha, nilimwita mwanachuo yule nikamwambia kwamba nilikosea. Tuliliandaa somo hili pamoja, naye akarudi kwa yule mtoto kumjibu upya.