Je, Wajua? Matisi ni Wapi, na Matisi ni Nani?

Je, wajua kwamba mtu akikuambia anakwenda Matisi, bado hujajua anaelekea kaunti gani? Iko Matisi ya Kitale, Trans-Nzoia, na iko Matisi ya Bungoma. Ile ya Kitale ina kazi mbili: ni mtaa, tena ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Saboti, pamoja na Kinyoro, Tuwani, Machewa na Saboti yenyewe.

Kisha wapo watu wanaoitwa Matisi, maana ni jina la ukoo pia, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Majina mengi ya jamii ya Wabukusu hukuambia msimu na jinsia kwa mpigo mmoja. Mtoto wa wakati wa mavuno ni Wekesa akiwa mvulana, Nekesa akiwa msichana. Wa mvua ni Wafula au Nafula, wa kiangazi Simiyu au Nasimiyu, na aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Matisi halina Wa wala Na. Likitajwa peke yake, hujui utafute bwana au bibi!

Tena kaunti hizo mbili zimeunganishwa na watu: Wabukusu wengi walitoka Bungoma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi upande wa Kitale, na baada ya uhuru wa 1963 wengine wakanunua ardhi huko huko. Ukoo mmoja leo waweza kuwa na boma katika kaunti zote mbili.

Je, wajua kwamba hata Trans-Nzoia ni nusu Kilatini? Trans maana yake ng'ambo: ng'ambo ya mto Nzoia. Miji mingine jirani ilibadilishwa majina kabisa. Webuye iliitwa Broderick Falls, na Moi's Bridge ilikuwa Hoey's Bridge, daraja la mlowezi likawa la rais.

Huko Latvia, Ulaya, kuna kijiji kiitwacho Matīši. Hakina uhusiano na Bungoma: kwa Kilatvia, Matīss ni jina la kiume lenye asili moja na Mathayo.

Na mchoraji Mfaransa Henri Matisse (1869–1954)? Jina lake hutamkwa karibu sawa na la mtaa wetu, ila huyo hakuwa na shamba Kitale.