Mahitaji Machache, Uhuru Mwingi
(Sehemu ya Pili: Shamba la Tolstoy)

Wiki iliyopita tulimwacha Mohandas Gandhi huko Phoenix, karibu na Durban, mwaka 1904, akiwa amelihamishia gazeti la Indian Opinion shambani baada ya kusoma kitabu cha John Ruskin ndani ya treni. Phoenix ulikuwa uamuzi wa moyo wake: wakili mwenye kipato kizuri alitaka kuonja maisha ya jasho. Leo naingia kwenye jambo ambalo mimi naliona zito zaidi, maana halikuanzia kitabuni. Lilianzia kwenye nyumba ambazo wanaume wake walikuwa gerezani na chakula kilikuwa kinakwisha.

Sheria ya mwaka 1907 ya Transvaal, koloni la Waingereza huko Afrika Kusini, ilimtaka kila mwanamume wa Kiasia ajiandikishe, aweke alama za vidole vyote kumi na kutembea na cheti chake. Maelfu walikataa. Wakifikishwa mahakamani, wengi walichagua kifungo badala ya kulipa faini. Wakitoka, walirudia kosa lile lile na kufungwa tena. Kati yao walikuwamo wachuuzi waliotembeza mboga na matunda mitaani, watu ambao kipato cha leo ndicho chakula cha leo. Viongozi wa harakati hizo za kukataa, Gandhi akiwa mbele, wakawa wanazipa familia zao posho ya kila mwezi. Utaratibu huo ulileta shida kubwa: nani apewe kiasi gani, nani anasema kweli kuhusu mahitaji yake, na mfuko utahimili hadi lini? Ingefaa familia hizo ziishi pamoja mahali pamoja, lakini Phoenix kulikuwa mbali mno, mwendo wa saa thelathini kwa treni kutoka Johannesburg.

Hapo akajitokeza Hermann Kallenbach, Myahudi mwenye asili ya Ulaya, msanifu majengo tajiri na rafiki wa karibu wa Gandhi. Alinunua shamba la ekari 1,100 karibu na stesheni ya Lawley, maili 21 kutoka Johannesburg, na tarehe 30 Mei 1910 akawakabidhi wanaharakati walitumie bila kulipa kodi yoyote. Wakaliita Shamba la Tolstoy, kwa heshima ya Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi aliyekuwa akiandikiana barua na Gandhi. Mzee huyo alifariki Novemba mwaka huo huo.

Shambani walikuta kiasi cha miti elfu moja ya matunda, ikiwamo michungwa na miplamu, visima viwili, chemchemi moja, na nyumba moja ndogo isiyotosha watu zaidi ya sita. Wakapiga mahema, wakaanza kujenga mabanda ya mabati kwa mikono yao. Walikuwa Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi, wengine wakizungumza Kigujarati, wengine Kitamil. Kulikuwa na vijana wa kiume wapatao arobaini, wazee wawili watatu, wanawake watano, na watoto kati ya ishirini na thelathini. Mtumishi hakuwapo hata mmoja. Kupika, kufagia, kuchota maji na kuzoa uchafu, yote yalikuwa yao.

Jiko lilikuwa moja. Ngano ilisagwa hapo hapo kwa mashine ya mkono, na unga wake ukaokwa mkate bila kuchekechwa. Karanga zilikaangwa na kusagwa zikawa siagi, machungwa ya shambani yakawa jamu. Kahawa yao ilikuwa ngano iliyokaangwa na kusagwa. Asubuhi saa kumi na mbili walikunywa kahawa hiyo kwa mkate; saa tano wakala wali, dengu na mboga; saa kumi na moja u nusu jioni wakapata uji wa ngano na maziwa, au mkate tena. Kila mtu aliosha chombo chake. Vitanda havikuwapo: kila mtu alilala sakafuni kwa mablanketi mawili na mto wa mbao.

Msomaji atauliza, je, walilazimishwa? Suala la nyama linatoa jibu. Miongoni mwao walikuwamo Wakristo na Waislamu waliozoea kula nyama tangu utotoni. Gandhi, ambaye mwenyewe hakuila, alikiri kwamba hana haki ya kuwanyima, kwani walikuja pale kwa sababu ya dhiki wala hawakuja kubadilishwa dini au desturi. Aliwaambia wazi kuwa wakiitaka watapewa. Wanawake walipoulizwa, wakakubali jiko libaki la mboga tupu. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, vijana wa Kiislamu walifunga, na Gandhi akawahimiza wenzao wa dini nyingine wajizuie pamoja nao. Wengi waliitikia, wakawa wanakula mlo mmoja jioni; wao walikula kabla jua halijazama, kisha wakawaandalia na kuwapakulia wenzao Waislamu futari. Sisi wa pwani tunajua ladha ya futari inayoliwa na wengi. Ni rahisi zaidi kuacha kitu mkiwa kundi kuliko kukiacha peke yako chumbani, na hilo naliona kuwa nguzo ya shamba lile kuliko kanuni zote zilizoandikwa.

Kanuni ya safari nayo ilikuwa kali. Aliyetumwa mjini kwa shughuli ya jumuiya alipanda treni daraja la tatu. Aliyekwenda kwa mambo yake mwenyewe alikwenda kwa miguu, na chakula alikibeba kutoka nyumbani ili asitumie senti mjini. Waliondoka saa nane usiku, wakafika Johannesburg baada ya saa sita au saba, na wengine walirudi siku hiyo hiyo. Hizo ni kilomita zaidi ya sitini na tano kwa siku moja! Mwaka 1893, katika safari yake ya meli kwenda Durban, Gandhi alipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 23 aliyeona ni aibu kwa wakili kusafiri sitahani, akashikilia apate nafasi ya daraja la kwanza. Miaka kumi na saba baadaye alikuwa akitembea usiku na vijana wa shambani, miguuni amevaa makubadhi. Makubadhi yenyewe waliyashona pale pale: Kallenbach alikwenda kujifunza kazi hiyo kwa watawa wa Kikatoliki wa Mariannhill, akarudi kuwafundisha wenzake. Jozi moja aliyoishona gerezani Gandhi baadaye alimpa Jenerali Smuts, waziri aliyemfunga.

Kuhusu afya, nisiwapotoshe wasomaji. Gandhi alitibu wagonjwa kwa maji, udongo na kufunga kula, na alijivunia kwamba shambani hawakuhitaji daktari. Mtu asichukue hilo kuwa ruhusa ya kutupa dawa zake za kisukari au presha. Kilichowafaa watu wale kinajulikana: miguu iliyofanya kazi kila siku, nafaka isiyokobolewa, mboga, marufuku ya pombe na tumbaku, usingizi wa mapema, na usafi. Taka zote zilifukiwa ardhini, kinyesi kikiwamo, na Gandhi aliandika kuwa mtu asingeona nzi pale.

Kuna dosari nyingine sipaswi kuipita kimya. Katika miaka yake ya Afrika Kusini Gandhi aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika weusi, wenye ardhi ile, na mapambano yake yalikuwa ya Wahindi. Si ajabu sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. Kule Inanda, jirani kabisa na Phoenix, John Dube alikuwa amekwisha kuanzisha shule yake ya Ohlange, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa masomo pamoja na kazi za mikono. Historia ya kujitegemea katika bara hili haina mwenyewe mmoja.

Turudi kwa Kallenbach, maana yeye ndiye anayefanana zaidi na msomaji wa mjini. Kwa hesabu aliyoiandika Gandhi, Kallenbach alikuwa akitumia rupia 1,200 kwa mwezi kwa nafsi yake tu, mbali na kodi ya nyumba. Baada ya kuanza kuishi na Gandhi zikashuka hadi 120. Rupia ndiyo iliyotumika pia pwani yetu wakati huo, na babu zetu wangejua ni fedha nyingi kiasi gani. Tajiri huyu hakufilisika. Alipunguza mwenyewe, na ile tisa ya kumi aliyoiacha haikumzuia kuendelea na kazi yake ya usanifu.

Serikali ya Transvaal ilikuwa na njia tatu za kumvunja mtu: jela, faini na njaa ya wanawe. Jela waliizoea. Faini waliikataa. Shamba likaondoa ile ya tatu, nayo ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa baba anaweza kuvumilia jela lakini hawezi kuvumilia kilio cha mtoto. Ndiyo maana nasema urahisi wa maisha yao ulikuwa nguvu ya kisiasa. Nasikitika ninapoona siku hizi maisha mepesi yanauzwa kama bidhaa ya matajiri waliochoka, huku mwalimu au karani mwenye mikopo mitatu, mmoja wa benki, mmoja wa simu na mmoja wa duka, akinyamaza kazini anapodhulumiwa kwa sababu mshahara wake umekwisha kuliwa kabla haujaingia.

Shamba lilifungwa mwaka 1913. Mwaka huo huo wanawake waliowahi kuishi pale walivuka mpaka kuingia Natal, wakaenda Newcastle kuwahimiza wafanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe wagome kupinga kodi ya pauni tatu waliyotozwa Wahindi waliomaliza mikataba yao ya kazi. Maelfu waligoma, na zaidi ya watu elfu mbili walianza kutembea kuelekea Transvaal, wakila mkate na sukari kidogo kwa siku. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1914. Safari ile ndiyo itakayokuwa sehemu ya tatu. Kabla hatujakutana tena, chukua karatasi, uorodheshe unavyovilipia kila mwezi, kisha utie alama kwenye vile vinavyokufunga mdomo. Anza na kimoja, na mshirikishe jirani yako.