Umri, Ajira na Masafa: Wapenzi wa Redio katika Nchi ya Chai

Wapenzi wa redio na uhandisi, yaani watu wanaounda vyombo, kuchunguza masafa na kuwasiliana kwa mawimbi bila kulipwa, huelezwa mara nyingi kuwa ni kundi la wazee wanaopungua mwaka hadi mwaka. Maelezo hayo yana msingi katika nchi za viwanda: Japani, ambayo katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na vituo vya redio ya ridhaa zaidi ya milioni moja vilivyosajiliwa, sasa ina chini ya nusu ya idadi hiyo. Hata hivyo, kipimo hicho cha umri kikiletwa Kabianga, katika nchi ya chai ya Kenya, kati ya Kericho na mpaka wa Bomet, hakitoshi, kwa kuwa huku mpenzi wa redio hujulikana zaidi kwa mwajiri aliyemfunza, kwa mwaka alioondoka kazini na kwa bei ya vipuri alipokuwa kijana, kuliko kwa miaka aliyoishi.

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yasiyo ya biashara, yanayoruhusiwa na sheria kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio. Nchini Kenya leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na mwenye leseni hupewa ishara ya wito, jina la herufi na tarakimu linalomtambulisha hewani, ambalo kwa kawaida huanza na 5Z4. Kabla ya uhuru ishara hizo zilianza na VQ4, na wengi waliozitumia walikuwa walowezi na watumishi wa serikali ya kikoloni. Wenye leseni ni wachache, kwa hiyo mtu akiwahesabu hao peke yao atadhani kwamba mashambani hakuna mpenzi wa redio hata mmoja. Wapo, ila wengi wao ni wasikilizaji na waundaji ambao hawajawahi kuomba ishara ya wito, na ujuzi wao una historia inayoweza kufuatwa.

Kizazi cha wakongwe kilitokana na mashirika ya umma. Mwaka 1948 chuo cha mafunzo ya posta na simu kwa Afrika Mashariki kilianzishwa, na hapo Mbagathi, ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Multimedia, vijana kutoka kila pembe ya eneo hili walifundishwa saketi, nguzo, mitambo ya simu na mawimbi kwa gharama ya mwajiri. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ujuzi huo ulibaki mikononi mwa mafundi ambao baadaye walirejea makwao. Wengine walirejea mapema, kwa sababu shirika la posta na simu la Kenya liligawanywa mwaka 1999 na kampuni ya simu iliyotokana nalo ikapunguza maelfu ya wafanyakazi katika miaka iliyofuata. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulikuwa miaka 55 hadi ulipopandishwa kuwa 60 mwaka 2009, na jambo hili lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwani mtu aliyerudi nyumbani akiwa na miaka 55, akiwa na pensheni, multimita na mikono isiyotetemeka, alikuwa na miongo miwili ya kuchunguza mawimbi bila kuulizwa na msimamizi.

Chanzo cha pili ni viwanda vya chai vyenyewe. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kujizalishia umeme kwa maporomoko ya mito tangu miaka ya 1930, na mitambo ya kwanza ya kampuni ya James Finlay ni ya mwaka 1934. Katika Bomet, hospitali ya misheni ya Tenwek ilijengewa mtambo wake kwenye mto Nyangores mwaka 1987. Fundi umeme aliyelea mtambo wa aina hiyo, au aliyetunza mota na vidhibiti joto katika kiwanda cha wakulima kama Momul, Tegat au Kapkatet, huwa tayari anafahamu nusu ya yale ambayo redio inadai: anaelewa transfoma, anaheshimu waya wa kutuliza umeme ardhini, na amezoea kutafuta hitilafu kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Kinachomkosesha nusu ya pili ni kwamba kiwandani hana sababu ya kushughulika na masafa ya juu.

Kati ya makundi hayo yupo fundi wa redio wa sokoni, ambaye takwimu za wapenzi wa redio humwacha nje kwa hoja kwamba yeye hulipwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika nchi ya chai, mpaka kati ya kazi na mapenzi ya kazi haujawahi kuwa wazi, na mafundi wengi walianza utotoni kwa kufungua redio ya nyumbani kabla mtu yeyote hajawalipa shilingi. Mbinu zao zinastahili kuitwa uhandisi. Redio iliyonyamaza ikiletwa mezani, fundi mzoefu huifungua, huipa nguvu ya betri, kisha hugusa kwa ncha ya bisibisi, kidole kikiwa kwenye chuma chake, mguu wa kati wa kidhibiti sauti. Spika ikinguruma, anajua kwamba mwili wake umeingiza mawimbi ya umeme yaliyo hewani ndani ya kikuza sauti na kwamba sehemu hiyo ni nzima, hivyo ugonjwa uko nyuma, upande wa kupokea masafa. Ikikaa kimya, anaanza na spika na transista za kutoa sauti. Kwa mguso mmoja nusu ya saketi imeondolewa kwenye mashaka, na hakuna chombo cha bei kilichotumika. Njia hii hufanywa kwenye redio za betri tu, maana kwenye chombo kilichounganishwa na umeme wa nyumba inaweza kuua.

Vijana wanaingia kwa mlango mwingine kabisa. Mwanafunzi wa fizikia au kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, anaweza kuagiza kutoka Barabara ya Luthuli, Nairobi, vipuri ambavyo kwa mstaafu wa Mbagathi vilikuwa mali ya shirika. Tangu mwaka 2012 imejulikana kwamba kifaa kidogo cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta kinaweza kugeuzwa kuwa redio inayoongozwa na programu, ambapo kazi ya koili na vichujio hufanywa kwa hesabu ndani ya kompyuta. Kinachowapungukia vijana kiko nje ya dirisha. Wengi wao wanaandika programu kwa ustadi, lakini hawajawahi kufunga antena, na bila antena programu haina cha kuhesabu.

Hapo ndipo mazingira ya Kabianga yanapotoa somo. Antena rahisi ya masafa ya megahezi 7 ni waya wa urefu wa takriban mita 20, uliokatwa katikati kuunganishwa na kebo, na mikaratusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda hutoa nguzo bila gharama. Waya huo ukifungwa mita chache tu kutoka ardhini, hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake wima, na ionosfera, tabaka la juu la anga lililotiwa chaji na mwanga wa jua, huirudisha chini kwa upana wa mamia ya kilomita, kiasi kwamba milima inayozuia mawimbi ya FM haizuii mazungumzo ya mchana kati ya Kericho na Nairobi. Hatari yake ni radi, ambazo katika nyanda hizi huandamana mara kwa mara na mvua ya mawe ya alasiri. Wakongwe walifundishwa kuchomoa kebo na kuituliza ardhini kabla wingu halijafika, ilhali mafunzo mengi ya mtandaoni yametungwa na watu wa nchi zenye radi chache.

Pengo linaloonekana ni la watu wa miaka 30 hadi 50. Hawa ndio wanaolipa karo, wanaosubiri bonasi ya majani chai ambayo kwa wakulima wadogo hulipwa karibu na Oktoba, na ambao wakipata jioni moja tupu huitumia shambani au kanisani. Wengi huacha redio wakiwa vijana na kuirudia wakistaafu. Katika historia ya uhandisi, hali hiyo si ajabu wala si dalili ya kufa: Grote Reber alijenga darubini ya redio yenye sahani ya zaidi ya mita 9 nyumbani kwake Illinois mwaka 1937, akiwa na miaka 25 na ajira katika viwanda vya redio vya Chicago, na Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993, alikuwa na miaka 76 alipotoa pamoja na Steven Franke mfumo wa FT8 mwaka 2017, unaowezesha vituo kusikilizana hata pale mawimbi yanapokuwa hafifu kuliko kelele. Kilichowaunganisha Reber na Taylor ni ajira zilizowapa ujuzi, na ridhaa iliyowaacha wautumie watakavyo.

Kwa kuwa mlango ulikuwa ajira, waliofungiwa ajira walifungiwa na redio pia. Mashirika yaliyofunza kizazi cha kwanza yaliajiri karibu wanaume pekee katika kazi za ufundi, na katika mashamba na viwanda vya chai wanawake waliwekwa zaidi kwenye kuchuma na kuchambua majani kuliko kwenye mota. Ndiyo maana wakongwe wa redio katika nchi ya chai karibu wote ni wanaume, jambo ambalo halielezi chochote kuhusu vipawa. Wasichana wanaosoma sayansi Kabianga leo hawana haja ya kupitia Mbagathi ili kushika chuma cha kulehemu, lakini wanamhitaji mtu wa kuwaonyesha mahali pa kufunga waya na wakati wa kuuchomoa, na watu wenye ujuzi huo wengi wao wamepita miaka 70 na wanaishi kilomita chache kutoka lango la chuo.